Michirizi ya Kijani Upande wa Kushoto

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba hema lako halivuji tena. Sisi huku hatujambo. Mama wamempa zamu ya asubuhi kazini kwake, kwa hiyo siku hizi tunamwona mezani. Bibi anasema nikuandikie kwamba jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu, ila la kulia bado linamtosha kujua nani ameingia mlangoni, na kwamba usimwonee huruma, umwambie tu kama unakula. Yuko hapa pembeni yangu. Kama kawaida nitamsomea barua hii kabla sijaifunga, na yako ikija nitamsomea pia, kwa hiyo tafadhali msalimie mwanzoni. Safari iliyopita ulimweka mwisho akanuna siku mbili.

Nimepata nafasi ya majaribio kwenye ofisi ya kuchora ramani za nyumba. Ni miezi mitatu. Kila mmoja wetu alitakiwa kuja na laptop yake, nami nilikuja na ile uliyonipa siku waliponifanyia sherehe ya kumaliza shule. Mkuu wetu tunamwita Mama Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi. Akikuuliza swali anakuelekezea nayo. Mimi akinielekezea naangalia viatu vyangu.

Sasa shida yenyewe. Jumatatu laptop ilileta ujumbe kwamba toleo jipya la mfumo endeshi liko tayari. Nikakubali. Ikahangaika kwa muda wa saa nne, ikazima na kuwaka mara sita, mwisho ikaandika kwamba kila kitu kiko palepale nilipokiacha. Uongo mtupu. Herufi zimevimba kama miguu ya mtu aliyesimama kutwa. Duara nikilichora linatoka yai. Programu ya kuchorea inafunguka nusu, halafu inasema haiioni kadi ya picha. Kwenye orodha ya vifaa, mbele ya jina la kadi hiyo, kuna alama ya njano. Nimesoma kwamba kinachosumbua ni draiva, yaani kile kiprogramu kinachouelekeza mfumo namna ya kuitumia kadi. Wewe umeitumia laptop hii miaka sita, unaijua kuliko mtu yeyote. Naomba uniambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Kimya

Bibi anasema sijauliza vizuri. Anauliza: unakula nini, siyo kama unakula.


27 Machi

Mpwa wangu Kimya,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Lakini kwanza kabisa, juu kabisa ya karatasi, kabla ya mtu mwingine yeyote duniani: Mama, shikamoo! Umeona? Leo hakuna kununa. Nakula kitu ambacho mpishi wa kambi anakiita uji na sisi tunakiita saruji. Kikishuka hakitikisiki mpaka kesho yake.

Barua yako ilikaa siku tisa kwenye gari la maji, chini ya kiti cha dereva, ikanifikia na alama ya kikombe cha chai juu yake. Hapa bado tunapima njia ya bomba. Asubuhi tunapigilia vigingi, mchana mbuzi wanaving'oa, jioni tunawatukana mbuzi. Hiyo ndiyo taaluma niliyoisomea.

Hongera sana kwa ofisi! Nilijua tu. Kuhusu laptop, usijitie presha. Hiyo ni chuma. Haya ni mambo ya toleo jipya, kila mtu yanamkuta. Fanya hivi: ifute draiva iliyopo, ifute kabisa, zima, washa. Kisha pakua draiva ya zamani kwenye tovuti ya waliotengeneza laptop, siyo ile inayoletwa na mfumo wenyewe. Wakati unaiweka, kata intaneti, usije ukaletewa nyingine mlango wa nyuma. Ikikataa, rudia. Na ukiona michirizi ya kijani upande wa kushoto wa skrini usiogope, izime tu ipoe dakika kumi.

Msalimie dada yangu. Mwambie sijasahau kwamba alinivunjia redio.

Mjomba wako


12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Bibi amefurahi kusalimiwa wa kwanza, amenifanya nirudie mstari ule mara tatu. Mama anasema redio hiyo ilikuwa imekufa kabla hajaigusa, na kwamba ulimwazima ukijua. Jirani wa upande wa jikoni amehama, chumba kimebaki tupu, panya wamehamia kwetu. Hatujambo.

Nimefanya yote uliyoniandikia. Nimeifuta draiva na kuiweka upya mara tisa, na kila mara naandika kwenye daftari saa na kilichotokea. Kila nikiunganisha intaneti mfumo unaleta ya kwake na kuitupa ya zamani, bila kuuliza, kama mtu anayeingia chumbani kwako na kubadilisha shuka ukiwa umelala humo. Michirizi sijaiona. Ni herufi zilizovimba tu na lile yai.

Nilidhani labda ni joto, nikaamua kuisafisha. Samahani, Mjomba, lakini lazima niseme. Chini ya vitufe nilikuta kucha zilizokatwa, nywele, makombo, na kitu cheusi cha kunata ambacho sikutaka kujua kilikuwa nini zamani. Kwenye tundu la feni kulikuwa na mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe sikumpata, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu maana yake bado yumo. Nilinawa mikono mara tatu.

Ofisini nako ni hivyohivyo. Mwenzangu mmoja tunamwita Kicheko. Anakula karanga kutwa, halafu anakuja kuniwekea kidole kwenye skrini: "Hee, dada, hapa unachora nyumba au unachora mdudu?" Kidole kinaacha duara la mafuta. Nafuta. Anaweka tena. Mama Rula alipita akasimama nyuma yangu, rula ikagusa bega.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna."

Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mpwa wako,
Kimya


29 Aprili

Mpwa wangu,

Mama, shikamoo, wa kwanza tena! Hao panya wategeeni, msiwape majina.

Mguu wa mende! Nimecheka mpaka mpishi akaja kuuliza. Nilikuwa naishi hemani, mwanangu, hapo ungekuta mjusi mzima ningekwambia una bahati.

Unakaribia. Tatizo lako ni kwamba mfumo unajisasisha wenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya usasishaji, uzuie usilete draiva za vifaa. Kisha weka draiva ya zamani kuliko zote utakazozikuta kwenye ile tovuti. Hiyo itakaa. Usikate tamaa, vijana wa siku hizi mnataka kila kitu kibofywe mara moja kiishe.

Huku upepo umebeba hema la stoo. Tumelikuta mwendo wa nusu saa, limejikunyata mtini kama mgonjwa wa homa. Kazi imekuwa nyingi, nisamehe kwa ufupi huu.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bibi anasalimu. Amekwenda kliniki ya macho, wamesema jicho la kushoto haliwezi kurudi. Alipotoka aliniambia, "Bora wameniambia wazi, nilikuwa nahangaika kulisubiri." Mama ana mafua.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nilifanya siku hiyohiyo. Ikakaa! Herufi zikanywea, duara likawa duara, programu ikafunguka yote na nyumba yangu ikasimama kwenye skrini, nikaizungusha, nikaingia hadi jikoni kwake. Nilifurahi siku nne. Siku ya tano feni ilianza kulia kama inasaga mawe, pakatoka harufu ya plastiki iliyounguzwa, na michirizi ikaja. Ni ya kijani, iko upande wa kushoto, kama ulivyoandika mwezi Machi. Ukiizima ikapoa inaondoka. Baada ya saa moja inarudi, na sasa baada ya michirizi skrini inaganda kabisa.

Mjomba, ulijuaje kuhusu michirizi kabla haijanitokea?

Mpwa wako,
Kimya

(Karatasi ya pili. Hii sijamsomea Bibi.)

Mjomba, hapa naweza kusema. Sikukwambia kwamba ofisini tuko watatu na atachukuliwa mmoja. Mtihani ni tarehe 14 Juni. Tutapewa nyumba ya ghorofa, tuichoree ngazi, isimame kwenye skrini kwa muda wa saa tano, na Mama Rula ataipanda kwa rula yake daraja moja moja. Nikikosa nafasi hii sina nyingine. Nimepeleka barua za maombi ofisi kumi na moja na hii ndiyo pekee iliyonijibu. Mama na Bibi hawajui kuhusu laptop kuwa mbaya kiasi hiki. Bibi bado anawaambia watu kanisani na sokoni kwamba mwanawe alimpa mjukuu kompyuta ya kazi, siyo ya kuchezea. Kama kuna kitu unakijua kuhusu mashine hii, naomba uniambie hata kama ni kibaya. Nakuomba kwenye karatasi hii ya pili, wewe nami tu.


31 Mei

Mpwa wangu,

Mama, shikamoo, na pole kwa jicho. Hilo la kulia lisimamie vizuri, lisije likaiga tabia ya mwenzake. Dada, pole kwa mafua.

Leo nimekaa juu ya jiwe nakuandikia na mbuzi mmoja ananiangalia kama ananipima yeye. Kazi ya bomba imefika bondeni. Kuna joto hata kalamu inatokwa jasho.

Kuhusu mashine: hayo ni joto tu. Iinue juu ya vitabu viwili ipate hewa chini, kaa karibu na dirisha, usifungue vitu vingi kwa pamoja. Ukiwa na kazi kubwa, pumzika kila baada ya nusu saa uiache ipoe. Itakufikisha. Mimi ilinifikisha mbali.

Nakuombea kila la heri katika yote uliyonayo mbele yako. Una akili, mpwa wangu, usiogope watu.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Bibi na Mama hawajambo. Mwanzo huu ndio nitakaomsomea Bibi, basi, na baada ya hapa nitamwambia barua imekwisha.

Barua yako ilinifikia tarehe 12, siku mbili kabla ya mtihani. Niliifungua nimesimama mlangoni pa ofisi ya kampuni yenu, barua zako zinakofikia, sikusubiri hata kufika nyumbani. Nilitafuta karatasi ya pili. Nikaitikisa bahasha. Haikuwamo. Swali langu kuhusu michirizi nilitafuta jibu lake kila mstari, nikakuta mbuzi.

Siku ya mtihani niliiweka juu ya vitabu viwili, karibu na dirisha, kama ulivyosema. Kicheko akasema, "Dada, leo laptop inapigwa picha ya pasipoti?" Saa ya kwanza nzuri. Saa ya pili nikaanza kuipumzisha kila nusu saa, wenzangu wanachora mimi nimekunja mikono. Nilifika daraja la kumi na moja. Feni ikalia, harufu ikatoka, mpaka mwenzetu wa tatu, msichana mmoja, akafunika pua. Michirizi ikaja. Halafu skrini yote ikawa kijani, kijani cha kamasi, ngazi yangu imo ndani yake vipandevipande kama kitu kilichotapikwa. Nikaizima. Haikuwaka tena mpaka muda ulipokwisha.

Mama Rula alikuja, akaniangalia, siyo skrini.

"Hii imeanza leo?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilisema uongo kwa shingo.

Nafasi amepewa yule msichana.

Juzi niliipeleka kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Aliifungua mbele yangu. Mende alikuwemo, amekaukia kwenye feni. Fundi akampuliza kwa mdomo, vumbi na mbawa vikanirukia usoni. Lakini hiyo haikuwa mbaya kuliko iliyofuata. Alichomoa bati la kupoozea joto, akainamisha taa.

"Mwanangu, hii ulinunua wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Ndugu."

Akaguna. Akanionyesha. Pembeni ya kadi ya picha kumeungua, rangi ya kahawia, na kuna utepe wa kuzuia joto ulioyeyuka umeachwa humohumo. Akasema, "Hii kadi ilishakufa zamani. Kuna mtu akaichoma na bomba la hewa ya moto ili ifufuke, ikafufuka kidogo, ikafa tena. Baada ya hapo wakaizima kwenye orodha ya vifaa, laptop ikawa inatumia ile kadi ndogo ya ndani. Toleo jipya halijui historia za watu. Limekuta kadi imezimwa, limeiwasha. Na wewe kila ukiitafutia draiva nzuri ulikuwa unaivisha maiti viatu."

"Dawa yake?"

"Kuizima tena."

Akaiwasha, akafungua orodha ya vifaa, akabofya mara mbili. Mara mbili, Mjomba. Nimehesabu. Herufi zikawa ndogo, duara likawa duara. Inachora polepole, lakini ngazi niliimaliza palepale kibandani nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Madaraja kumi na nane.

Miezi mitatu na nusu nimefuta na kuweka, nimeandika daftari zima la saa na dakika. Ulinituma nikaiwashe vizuri zaidi hiyo kadi uliyojua imeungua. Ungeniandikia mstari mmoja. Kila barua ulikuwa na nafasi ya kumwandika mbuzi.

Naona kinyaa. Sisemi kwa hasira, nimetafuta neno lingine nikalikosa. Nikiigusa laptop hii naona kinyaa kuliko siku ile ya kucha.

Kimya


9 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Mama, shikamoo! Natumaini macho na miguu vinaelewana. Huku bomba linakaribia kufika, na yule mbuzi aliyekuwa akinipima ameuzwa, na mwenye mbuzi akasema amepungua uzito kwa kula vigingi. Mpishi ameondoka kwa hasira baada ya kusikia jina tulilokipa chakula chake. Sasa tunapika kwa zamu na tunamkumbuka kwa machozi. Dada, nakuja nyumbani mwezi wa Desemba, niandalie kile kitanda kisicho na bonde katikati. Kimya, pole kwa mtihani, mengine yatakuja.

Wenu,
Mjomba

(Karatasi ya pili. Usimsomee Mama.)

Kimya,

Fundi wako amesema kweli tupu. Kadi ilikufa huku kambini miaka miwili iliyopita. Fundi wa redio wa kambi akaichoma, ikaishi wiki mbili, michirizi ikarudi. Mimi mwenyewe niliizima. Kwa kazi zangu za kuandika ripoti haikunisumbua tena. Kazini walipotupatia mashine mpya nikaifuta vumbi juu juu, nikakuletea.

Nilikuja nikiwa nimepanga kukwambia. Nilitaka kukuvuta pembeni. Lakini uliifungua mbele ya watu wote, dada yangu akalia, Mama akasimama na kushikilia kiti na kuanza kunisifu, unakumbuka alivyosema, kwamba watoto wengine hurudi na maneno, huyu amerudi na mashine. Watu wakapiga makofi. Ningesema saa ngapi? Nikajiambia ikiwa imezimwa imezimwa, hatajua.

Ulipoandika mara ya kwanza nilijua siku hiyohiyo. Lakini najua barua zangu anazisoma nani na anazisikiliza nani. Kukwambia wewe ni kumwambia Mama. Nikafikiri utapata fundi, atakutengenezea, jambo litapita bila mtu kuumbuka. Karatasi yako ya pili ilipokuja niliandika jibu la kweli, nikalichana. Sina la kujitetea hapo. Lile la mtihani nilikuwa nalijua nilipokuandikia habari za vitabu viwili.

Nitakutumia mashine yangu hii ya sasa, nitawaambia kazini imepotea. Wewe niambie tu lini. Na nakuomba, Mama asijue. Ana jicho moja, ni mzee, amebakiwa na nini zaidi ya kujivunia watoto.

Mjomba wako


26 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepona. Chumba cha jirani kimepata mpangaji, fundi cherehani, na panya wamehamia kwake.

Nilimsomea Bibi barua kubwa. Alicheka kwa mbuzi na kwa mpishi. Nikakunja.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Bibi."

"Na hiyo nyingine inayochakarika mkononi mwako ni ya nani? Naisikia."

Nikasema ni yangu. Mjomba, huwa naruka mambo ninapomsomea. Ulipougua mwaka juzi niliruka. Ulipogombana na Mama niliruka ukurasa mzima nikatunga hali ya hewa. Ubovu wa laptop nao nimekuwa nikiuruka. Nilidhani hiyo ndiyo adabu. Siku hii nikajisikia kinywani ladha mbaya, kama nimelamba kile kitu cheusi cha chini ya vitufe. Nikaifungua nikasoma. Nilianza na yale maneno uliyoyaandika juu kabisa.

"Rudia hapo," akasema Bibi.

"Usimsomee Mama."

"Haya. Nisomee."

Nilisoma yote, sikuruka. Kwenye kadi ya picha alinisimamisha nimweleze. Nikamwambia ni kifaa ndani ya laptop kinachotengeneza kila kinachoonekana, kiliungua, ukakifunika, kikafunuka mikononi mwangu. Nilipofika pale pa yeye kusimama na kushikilia kiti, aliweka mkono juu ya karatasi, nikangoja mpaka akauondoa. Mwisho alisema "Tfu!" Tangu nizaliwe sijamsikia Bibi akisema hivyo, hata kwa nyoka.

Ameniambia niandike haya na nisipunguze:

"Mwanangu. Ungesimama siku ile ukasema, mpwa wangu, mashine hii ina ubovu hapa, usiiwashe hapa, ningekusifu vilevile na watu wangepiga makofi vilevile. Sasa nimeanza kupita kwa kila niliyemwambia, mmoja mmoja, naziomba sifa zangu nirudi nazo nyumbani. Nimefika nyumba ya nne na miguu inauma. Na usiniambie nimebakiwa na nini. Kliniki waliniambia wazi habari ya jicho langu, watu nisiowajua, na sikufa. Wewe niliyekuzaa ndiye uliyeona siwezi kuambiwa habari ya kompyuta."

Hapo ndipo maneno yake yanapoishia. Mengine ni yangu.

Baada ya kumsomea nilikwenda kwa Mama Rula. Sikuitwa. Nilisimama mbele ya meza yake na laptop kifuani.

"Nafasi imeshajaa," akasema, hakuinua kichwa.

"Najua. Nimekuja kusema kwamba haikuanza siku ile. Ilianza Machi."

Rula ikatulia.

"Nilikuuliza kama kuna tatizo mara ngapi?"

"Nne."

"Ukajibu nini?"

"Hakuna."

"Unadhani nilikunyima nafasi kwa sababu ya michirizi? Pale kwenye kabati nina mashine mbili za akiba. Mtu angesema Machi, angepewa moja Machi. Sasa wewe uchore ngazi, daraja moja lizidi kipimo, nikuulize, uniambie hakuna. Nani atavunjika shingo? Wewe?"

Nikaangalia viatu.

"Umeanza tena," akasema.

Nikainua kichwa. Nikasema laptop ina kadi mbovu, imezimwa, inachora polepole, ikipata joto inaweza kuganda, na mimi naogopa watu, hata sasa naogopa. Akasema nimeongea maneno mengi kuliko ya miezi mitatu yote. Akasema Septemba wanachukua watu wengine wa majaribio, nikitaka niandike ombi, na kwenye ombi niandike hayo hayo niliyoyasema, yote. Hakutabasamu. Nimeandika.

Kilichonichukiza njia nzima nikirudi ni kwamba nilikuwa nakutukana moyoni, Mjomba, na kila neno nililokutukana nalo lilikuwa linanitosha mimi. Wewe ulizima kadi. Mimi nilisema hakuna. Mashine mbili za akiba zilikuwa hatua sita kutoka kiti changu. Bado nakuonea kinyaa, sitasema vingine ili ufurahi, lakini siyo wewe peke yako.

Mashine yako ya kazini usinitumie, na usiwadanganye wenzako kwamba imepotea. Hii nitaitumia ilivyo. Nimebandika karatasi juu ya kifuniko chake, nimeandika kwa herufi kubwa kibovu ni kipi na kilizimwa na nani, ili atakayeipata baada yangu asihangaike. Desemba ukija utaiona mezani. Bibi amesema pia kwamba siku hiyo atawaita walewale waliopiga makofi, na kiti atakachokishikilia safari hii ni cha kwako, utasimama wewe useme ukweli.

Jibu lako liandike kwenye karatasi moja tu. Nitalisoma kwa sauti.

Mpwa wako